Kidonge cha iodini Nairobi, na "kingamwili za mionzi" nilizouziwa mjini Mombasa

Naandika haya kwa mtu yeyote wa Pwani aliyeambiwa ana saratani ya tezi ya shingo, hii wanayoiita thairoidi, na sasa hajui ashike njia gani. Mimi ni mpishi wa harusi, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Tangu mwaka jana nimepitia huduma mbili: ya wakala mmoja wa mjini aliyetaka kunipeleka ng'ambo kwa tiba ya kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zilizobebeshwa mionzi, na ya kitengo cha tiba ya nyuklia katika hospitali moja ya Nairobi, ambako nilimeza kidonge cha iodini. Ya kwanza siipi hata nyota moja. Ya pili naipa nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana nitaeleza imekwenda wapi. Majina sitaji. Nataka msome kilichofanyika, tusije tukaishia kubishana kuhusu majina.

Uvimbe niliutambua kwa vidole. Ilikuwa siku ya hina ya mpwa wangu, nikavaa kidani changu cha zamani, nacho kikawa hakilali sawa, kimeegemea kitu upande wa kulia. Majirani wakasema ni rovu, nipake habasoda. Sikupaka. Nilipigwa altrasaundi, nikachomwa sindano nyembamba kutoa sampuli, na baada ya siku kumi nikaambiwa ni saratani aina ya papilari, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika saratani za tezi hiyo. Mwezi wa tisa nikafanyiwa upasuaji hapa hapa Mombasa, tezi ikatolewa yote. Upasuaji huo sina neno nao. Sauti ilirudi baada ya wiki mbili, ganzi ya vidole ikatulizwa na vidonge vya kalsiamu, na kovu sasa ni kama mstari wa uzi. Lakini ripoti ya maabara ilionyesha seli zimeshafika kwenye tezi za limfu za shingoni, kwa hivyo daktari wa upasuaji akaniandikia barua: apewe iodini yenye mionzi. Kwake haipo, akasema, niende Nairobi.

Barua hiyo ilikaa kwenye mkoba wangu wiki tatu. Neno mionzi lilinitia hofu, na nina mjukuu wa miaka miwili ambaye halali ila kwenye mkono wangu. Nikiwa katika hali hiyo, mteja wangu mmoja akanipa nambari ya wakala anayesafirisha wagonjwa.

Ofisi yake iko ghorofani, ina kiyoyozi, na nilikaribishwa kwa sharubati ya ukwaju. Kijana alikuwa na adabu, akaniita mama kila sentensi. Akanipa karatasi ya kung'aa yenye picha ya maabara, akaniambia, "Iodini ni dawa ya kizamani, mama. Siku hizi kuna kingamwili zilizofungwa mionzi. Zinaisaka saratani popote ilipojificha, zinaionyesha kwenye picha, na zinaiua papo hapo." Mfa maji haachi kutapatapa. Niliuza bangili mbili nikalipa amana. Akanituma mahali pa kupigwa skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha, ili picha zitumwe huko ng'ambo. Nikachomwa ile dawa mkononi, joto likanipanda mwili mzima hadi miguuni, picha ikapigwa, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama nasubiri iodini.

Na jambo nililolitambua baadaye, usiku, nikiwa nimekaa barazani: katika mazungumzo yote yale, yule kijana hakuniuliza hata mara moja saratani yangu ni ya aina gani.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyeichukua ile barua kwenye mkoba akaipigia simu Nairobi siku nne mfululizo mpaka ikapokewa. Ndiye aliyekata tiketi ya treni ya SGR, shilingi 1,500 daraja la kawaida. Tukapanda Miritini asubuhi, mchana tuko Syokimau.

Sasa huduma yenyewe. Siku ya kwanza nilisubiri saa tatu kwenye viti vya chuma. Naisema kwa sababu ni kweli, na kwa mtu ambaye tezi yake imetolewa saa tatu si mchezo. Lakini nilipoingia kwa daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikaa nami karibu saa nzima. Alisoma ripoti ya maabara yote, mstari kwa mstari, kabla ya kuniangalia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Tangu upasuaji, umepigwa picha yoyote ya kuchomwa dawa?"

Nikampa zile picha za CT. Akaziweka mezani, akavua miwani.

Ile dawa ya kung'arisha imejaa iodini, akanieleza. Seli za tezi zina njaa ya iodini. Ndiyo malighafi ya homoni zake. Sasa za kwangu zilizobaki zimeshibishwa kwa sindano moja. Nikimeza kidonge leo zitakikataa, kitapita kama maji na kutoka kwenye mkojo, nami nitakuwa nimepigwa mionzi bure. Ikabidi kusubiri miezi miwili na zaidi, kisha kupima iodini kwenye mkojo ili kuhakikisha imetoka. Miezi miwili ya saratani kukaa shingoni kwa sababu ya picha ambayo haikuwa na kazi. Nililia pale pale, sina haya kusema, na daktari akanisubiri nimalize.

Kisha nikamtolea ile karatasi ya kung'aa. Nilitaka kujua kama nimeacha kitu bora. Hapa ndipo nyota nyingi za huduma hii zilipopatikana, kwa hivyo mnivumilie nieleze kwa urefu.

Hakuikebehi. Aliigeuza, akachora nyuma yake herufi Y kubwa kwa kalamu ya buluu. "Hii ni kingamwili," akasema. Mikono miwili ya juu ndiyo inayoshika, na kila kingamwili hushika kitu kimoja maalumu, hata mbele ya maelfu ya vingine. Mwili wenyewe huzitengeneza dhidi ya maradhi. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, wakapata njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja tupu, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kwenye mkia wa ile Y akachora nukta, akaizungushia miale kama jua la mtoto. Nukta hiyo ni isotopu, yaani chembe inayotoa mionzi. Ukitaka kuona saratani ilipo, unaibebesha kingamwili isotopu ambayo miale yake inatoka nje ya mwili na kunaswa na kamera. Ukitaka kuua, unaibebesha iodini-131 au itriamu-90, ambazo mionzi yake hupiga pale pale ilipotua.

"Kwa hivyo yule kijana hakudanganya?" nikamuuliza.

"Kuwepo, zipo," akasema. Mwaka 1978 David Goldenberg na wenzake nchini Marekani waliandika jinsi walivyoziona saratani za wagonjwa kwa kingamwili zilizobebeshwa iodini, zinazoshika protini iitwayo CEA. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha dawa ya namna hiyo, Zevalin, lakini kwa limfoma, ambayo ni saratani nyingine kabisa. Upande wa tezi ya shingo, utafiti wa kingamwili umeelekezwa zaidi kwenye aina iitwayo medula. Saratani hiyo haitoki kwenye seli zilezile za papilari. Inatoka kwenye seli C, jirani zake, ambazo hazili iodini kabisa. Mgonjwa wa medula umpe kidonge cha iodini, hakitamfaa kitu. Lakini seli zake humwaga homoni iitwayo kalsitonini pamoja na ile CEA kwa wingi, na CEA hiyo ndiyo mahali pa kingamwili kushika.

Nikawa naandika kwenye daftari langu la hesabu za harusi, baina ya kilo za mchele na madebe ya mafuta. Bado ninalo. Imeandikwa: kingamwili ni kubwa, inazunguka kwenye damu siku nyingi kabla ya kufika. Kwa siku hizo zote mionzi inapiga uboho wa mifupa, unaotengeneza damu. Kisha zile za mwanzo zilitoka kwa panya, na mwili wa binadamu huweza kuzikataa kwa kutengeneza kingamwili zake dhidi yake. Wafaransa wakajaribu njia ya hatua mbili kwa wagonjwa wa medula: kwanza wanampa kingamwili isiyo na mionzi, yenye mkono mmoja wa kushika CEA na mwingine mtupu unaosubiri. Wanangoja siku kadhaa damu isafike. Ndipo wanaleta kitu kidogo chepesi chenye iodini-131, kinachodakwa na ule mkono mtupu, na kinachobaki kinatoka upesi kwa mkojo. Uboho unapumua. Ni akili ya ajabu, na nilipoielewa nilifurahi kwa ajili ya watu ambao hata siwajui. Ila bado ni mambo ya majaribio. Haijawa dawa ya kila siku kwa saratani ya tezi.

"Na yangu?"

"Yako haihitaji kutumiwa mjumbe, mama. Yako inakula iodini yenyewe. Tunachofanya ni kuipa iodini yenye mionzi." Akaniambia tiba hii imetumika tangu miaka ya 1940, na kwamba kuwa ya zamani ni sifa yake, maana wagonjwa wengi mno wameshafuatiliwa kwa miaka mingi na madhara yake yanajulikana.

Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kingamwili nitazitumia vilevile, lakini ndani ya chupa ya maabara. Baada ya tiba nitapimwa damu kutafuta thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za tezi peke yake. Tezi ikishaondoka yote, haitakiwi kuonekana. Kipimo hicho hukamata protini hiyo kwa kingamwili. Zamani ilikuwa kawaida kuzibebesha iodini-125, mionzi ikahesabiwa na mashine. Sasa maabara nyingi hutumia zinazotoa mwanga. Na iwapo damu yangu mwenyewe ina kingamwili dhidi ya thairoglobulini, kipimo kinaweza kuficha ugonjwa, kwa hivyo hupimwa vyote viwili pamoja. Tangu siku hiyo, nikipewa majibu naangalia mistari yote miwili. Nawaomba nanyi muangalie.

Nje, kwenye vile viti vya chuma, nilikaa na kijana wa Malindi, baharia wa mashua za wavuvi, shingo yake imefungwa bandeji. Yeye ndiye mwenye medula. Alikuwa ameambiwa hapati kidonge, na ameagizwa awalete ndugu zake wapimwe jeni iitwayo RET, kwa sababu medula nyingine hurithiwa katika familia. Alikuwa na huzuni kwamba mimi napewa dawa na yeye hapewi. Nikamfungulia daftari, nikamsomea kile nilichoandika kuhusu hatua mbili. Akaniomba nimpigie picha ule ukurasa kwa simu amtumie kakake. Nilifikiri: lau yeye ndiye aliyepanda ile ghorofa yenye kiyoyozi, angeuza mashua.

Basi nikarudi Mombasa kusubiri. Mwezi wa kwanza nikaacha vidonge vya homoni nilivyokuwa nikimeza badala ya tezi, wiki nne, ili mwili ukose homoni na ubongo uanze kupiga kelele kuziita seli za tezi ziamke na njaa. Kelele hizo ni homoni ya TSH, na walitaka ipande juu ya 30. Hakuna aliyeniandaa kwa wiki hizo. Mombasa ya mwezi wa kwanza, watu wanalala nje kwa joto, mimi nimejifunika blanketi. Ulimi mzito, macho yamevimba, nasahau nimetia hamira au bado. Harusi mbili nilizikabidhi kwa dadangu kwa sababu sikuiamini mikono yangu. Kuna sindano inayoweza kuipandisha TSH bila kuacha vidonge; daktari aliniambia wazi bei yake na kwamba kuacha vidonge kunafikisha pale pale. Nilichagua kuacha. Kama una uwezo, uliza sindano.

Wiki mbili za mwisho ni za chakula kisicho na iodini, na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Nilipewa karatasi moja, imechapishwa kwa Kiingereza, imejaa vyakula ambavyo sijawahi kuviona sokoni Marikiti. Ilisema samaki hapana. Haikusema kitu kuhusu achari, wala viazi karai, wala mabuyu. Sote tunajua chumvi ya dukani Kenya inatiwa iodini. Sheria ndiyo inavyotaka. Dadangu kwa huruma yake akaniletea chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, mbichi, haijapita kiwandani. Nikapiga simu kuuliza. Siku ya kwanza haikupokewa. Ya pili haikupokewa. Ya tatu sista mmoja akapokea, akaniambia, "Usiitie, mama. Ya bahari nayo imekatazwa." Kama nisingeng'ang'ania simu, ningeipikia. Ndiyo maana nasema nyota imepotea kwa haki: mgonjwa aliye karibu kilomita 500 hana mlango mwingine wa kubisha ila simu, na simu ile inalia bila mtu.

Wacha niseme nilivyokula, kwa sababu hakuna atakayewaambia. Mbaazi za nazi bila chumvi, zimekolezwa ndimu, kitunguu na pilipili mbichi. Mahamri ya nyumbani, ya tui na iliki, bila maziwa wala yai. Mihogo ya kuchemsha. Wali wa nazi na nyama kidogo ya ng'ombe. Chai ya rangi na tangawizi. Maembe. Niliacha mkate wa duka, maziwa, kiini cha yai, soya, na kila kinachotoka baharini, kuanzia changu hadi dagaa. Mabuyu mekundu niliyaacha pia, kwa sababu rangi nyekundu iitwayo erithrosini ina iodini ndani yake na mwenye kuyapika hajui katia rangi gani. Siku ya tisa nilizoea. Ndimu na moshi wa pilipili hufanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani kwa miaka yangu yote ya upishi.

Mwezi wa pili nikalazwa. Chumba ni cha peke yako, choo chako, na kila unachoweza kukigusa kimefunikwa plastiki: kitasa, swichi, rimoti, hata mto. Nilikuwa nimeshaonywa nije na vitu ambavyo sitajali vikibaki, kwa hivyo tasbihi yangu ya sandali niliiacha nyumbani nikachukua ya plastiki. Simu iliingizwa kwenye mfuko.

Kidonge kililetwa kwenye kigari, ndani ya chungu kizito cha madini ya risasi kisichozidi kikombe cha kahawa kwa ukubwa. Mtaalamu alisimama mbali, akafungua kifuniko kwa koleo refu, ndani mna kichupa, ndani ya kichupa kidonge kimoja tu, cha kawaida kabisa, kama cha antibayotiki. Milikuri 100, ndicho kipimo cha mionzi yake, akasoma kwa sauti, tukahakikisha jina langu na tarehe ya kuzaliwa. Nikapiga bismillahi, nikakimimina mdomoni bila kukishika, nikameza na maji. Hakina ladha. Wote wakatoka, mlango ukafungwa, na nikasikia viatu vyao vikienda upesi kuliko vilivyokuja.

Siku mbili na nusu. Unakunywa maji mpaka unachoka, unavuta maji ya choo mara mbili kila unapotoka, unaoga mara kwa mara, kwa sababu iodini isiyoliwa inatoka kwa mkojo, jasho na mate. Kesho yake wakanipa pipi za ndimu nimumunye ili mate yatiririke na mionzi isikae kwenye tezi za mate. Shingo ilivimba kidogo, chakula kikawa na ladha ya shilingi. Kila asubuhi mtaalamu alisimama mlangoni na kifaa chake, umbali uleule wa mita moja, akiniambia nambari. Alikuwa anaisoma nambari kwangu, si kwa daftari lake, na kila siku akinieleza imeshuka kiasi gani. Iodini-131 hupungua nusu kila siku nane, na mwilini hushuka haraka zaidi kwa sababu unaikojoa. Jambo dogo, lakini mtu aliyefungiwa peke yake akipewa nambari inayoshuka, anapata pa kushika.

Chakula kilichopitishwa mlangoni kilikuwa cha mgonjwa, basi. Sina la kuongeza.

Nilipotoka sikurudi Mombasa. Nilikaa kwa mamangu mdogo, Pangani ya Nairobi, mjane anayeishi peke yake. Alinipa chumba changu, akaniwekea sahani mlangoni. Siku ya saba nikarudi kwa skani ya mwili mzima. Unalala chali, kamera inashuka karibu na pua, inatembea polepole mpaka miguuni. Kwenye skrini nikaona madoa meusi: puani, mdomoni, tumboni, kwenye kibofu. Moyo ulikwenda mbio. Fundi wa mashine aliuona uso wangu, akaacha kazi yake akamwita daktari. Daktari akanionyesha kwa kidole: mate, tumbo na kibofu ni njia za kawaida za iodini kupita, kila mtu anayo madoa hayo. Yangu ni haya hapa, shingoni, madogo mawili, na kuonekana kwake ndiyo habari njema, maana yake seli zimekula zilichopewa. Mapafu safi. Mifupa safi.

Kuhusu fedha: SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu, nyingine walichanga wanangu na ndugu zangu. Risiti zilikuwa zimeandikwa kila kitu, na nilipouliza mstari mmoja nisioufahamu nilielezwa bila kununiwa. Amana ya wakala sijarudishiwa. Nimekwenda mara tatu, na mara ya mwisho ile sharubati haikuletwa.

Mjukuu alikaa mbali nami wiki moja zaidi baada ya skani, kwa ushauri wao. Mwezi wa nane nikapimwa: thairoglobulini haionekani, na kingamwili dhidi yake hazipo, kwa hivyo jibu linaaminika. Kidonge cha homoni nameza kila alfajiri kabla ya chai, na nitakimeza maisha yangu yote.

Siku hiyo ya mwezi wa nane nilimpelekea sista karatasi. Niliiandika jikoni kwangu, kurasa mbili, kwa Kiswahili chetu: samaki wote kwa majina yao, chumvi ya dukani na ya Gongoni, achari, mabuyu, viazi karai vya barabarani, halafu upande wa pili vile unavyoweza kula na namna ya kuvipika vikalika. Daktari aliisoma yote, akafuta mstari mmoja niliokosea, akaongeza kitu kuhusu dawa za kikohozi zenye rangi. Wakaitoa nakala. Mkienda mkitokea Pwani, ombeni karatasi ya mpishi. Sista ameiweka kwenye droo ya pili, chini ya kadi za miadi.